Picha za Kazi Gani?

Jumatatu, mwisho wa Oktoba

Nimesimamisha tripodi kando ya Waiyaki Way, upande wa Kangemi, nipate michirizi ya taa za magari giza linapoingia. Kamera huachwa wazi sekunde kumi na tano hivi. Magari yenyewe hupotea, zikabaki nyuzi nyekundu za yanayokwenda na nyeupe za yanayokuja. Kabla sijabonyeza, mama wa mahindi choma alikuwa amesharudisha jiko lake nyuma hatua tatu. Muuza viatu akaja, mikono mgongoni.

"Kijana, mnapima mpaka wapi?"

Nikamwambia sipimi, napiga picha.

"Hata wale wengine walisema hivyo."

Katika mji huu, kitu chenye miguu mitatu kando ya barabara ni cha wapimaji. Nyuma ya wapimaji huja alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyuma ya X huja tingatinga. Nimewaonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Wameziangalia wote, kwa zamu, bila haraka. Mmoja ameuliza, kama ni picha za magari, mbona magari hayamo. Nimeeleza. Maelezo yamezidisha wasiwasi. Nilipokunja tripodi, mama wa mahindi alinipa hindi la bure, akaniomba nimwambie mkubwa wangu kwamba yeye ana watoto wanaosoma.

Jumanne

Imenyesha usiku kucha, na mvua ikaangusha vumbi lote chini. Saa kumi na mbili na robo nimepanda paa la ploti. Mlima Kenya huo, kaskazini mashariki, zaidi ya kilomita mia moja, kilele chake chenye meno kikionekana wazi kati ya tangi la maji na dishi la televisheni. Nimeweka lenzi ndefu. Lenzi ndefu huuleta mlima karibu, na tangi nalo huja.

Nimetuma kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Binamu yangu amejibu kwa neno moja: "Umeunganisha." Sikushangaa. Mwaka 2020, wakati wa korona, magari yalipopungua na hewa ikatakata, picha ya mlima huo iliyopigwa kutoka Nairobi ilizua ubishi nchi nzima. Watu waliozaliwa hapa waliapa kwamba hauonekani. Kwa kweli siku nyingi hauonekani, na hata siku unapoonekana, kufikia saa mbili mawingu huwa yamekwisha kuufunika, na wengi huwa wako kwenye matatu wakiangalia simu.

Mjomba ameuliza tangi ni la lita ngapi.

Alhamisi

Nimetoka kazini mapema, nikapitia KICC. Jengo lilikamilika mwaka 1973, mita 105, kazi ya David Mutiso na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik. Wengi huupiga mnara kutoka chini, ukatoka kama unaanguka. Mimi hufuata kuta, rangi yake ya udongo wa kuchomwa, hasa saa kumi na moja jioni jua linapozipiga ubavuni na kila mfuo ukapata kivuli chake.

Wapiga picha wa uwanjani, wale wanaokupiga na kukuchapishia papo hapo, wamekuja wakanizunguka.

"Mkubwa, unampigia nani?"

"Najipigia tu."

Wametazamana. Kujipigia kuna maana mbili: ama wewe ni mpelelezi, ama umekuja kuharibu bei. Kwa ajili ya amani nimelipa, nikapigwa nikiwa nimekunja mikono kifuani mbele ya jengo. Jamaa alinisogeza hatua moja kushoto, akaniambia niinue kidevu, akapiga mara moja, basi. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga mimi jioni hiyo. Mwanga wa uwanja ule anaujua saa kwa saa, na hajawahi kumwuliza mtu lenzi yake ni ya aina gani.

Ijumaa

Stima imepotea saa tano kasoro. Ploti nzima imeguna, mimi nimekimbilia paa. Bila taa za usalama za majirani, mbingu ya Kangemi ina nyota. Kilimia kilikuwa kimeshapanda mashariki, kile kishada ambacho wakulima walikitazama kujua msimu wa kupanda.

Wenzetu wa Ulaya wakiiacha kamera wazi muda mrefu hupata miduara kuizunguka Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kitu, nyota hiyo imejificha chini ya upeo. Ukielekeza kamera mashariki, nyota huchomoza wima na kuchora mistari iliyonyooka, kama mvua inayorudi juu. Hiyo ndiyo picha niliyotaka.

Mlango wa paa ukafunguka. Mama Brayo wa orofa ya tatu, na tochi ya simu, amekuja kuanua nguo.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama Brayo."

"Unafanya nini gizani?"

"Napiga picha nyota."

Tochi imebaki usoni mwangu muda wote alipokuwa akifikiri.

"Za kazi gani?"

Picha ina sare mbili za shule, zimeng'aa vizuri sana, na kitu kimoja pembeni ambacho huenda ni nyota. Nilipoanza ya pili, stima ilirudi. Watoto wa ploti yote walishangilia.

Jumapili

Uthiru, kwa shangazi. Kwenye ua wa kayaba, juu ya sukuma wiki, kuna kinyonga dume mwenye pembe tatu. Mwaka 1972 jamaa zake walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kuuzwa kama wanyama wa kufugwa, wakaponyoka, na leo wamezagaa huko visiwani. Huyu hakuwa na mpango wa kwenda popote. Nilisogeza lenzi mpaka nikahesabu magamba ya kope. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili lilikuwa kwa nzi aliyetua kwenye jani. Shangazi alisimama mbali na ufagio.

"Hicho kitu usikiingize nyumbani."

"Shangazi, ni picha tu."

"Hata picha."

Nilitaka ulimi unapotoka. Nimengoja mpaka goti likafa ganzi. Kinyonga akafungua mdomo kidogo. Jogoo akaja akamla nzi.

Kabla sijaondoka, shangazi alijitanda leso mpya, akasimama mbele ya ukuta, akaagiza picha ndogo za kadi ya chama. Nakala zimeshagawiwa Uthiru yote.

Jumatano

Mwenye nyumba amepiga simu. Ameambiwa na keateka kwamba huwa niko kwenye paa na kamera. Anataka picha za nyumba iliyo wazi orofa ya chini, aweke kwenye tangazo.

"Zitoke kubwa kubwa," akasema. Malipo tutayaangalia kwenye kodi.

Nimetumia lenzi pana, nikaikandamiza kamera kwenye kona. Sebule imetoka kubwa kubwa. Mteja wa kwanza amefika jioni, ameingia, akazunguka mara moja, akauliza sebule ya kwenye picha iko wapi. Keateka amenionyesha mimi.