Soja Alikula Chapati Zangu

Msomaji mwenzangu, kama una mama mkwe aliyekuja kukutembelea wiki mbili na sasa amekwisha kuchagua upande wake wa kochi, vuta kiti tuongee. Wangu tunamwita Chifu. Ni mama wa Thogoto, Woman's Guild ya PCEA damu na nyama, na tangu ahamie kwetu Kileleshwa, orofa ya sita, mimi naomba ruhusa hata ya kubadilisha stesheni ya redio.

Mke wangu, Mama Njeri, husali kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hekalu lao la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, alikuwa na shughuli nyingi hivi kwamba nyumbani tulikula githeri mpaka mtoto wetu wa mwisho, Kasuku, akauliza kama mchele umepigwa marufuku. Kasuku hurudia kila anachosikia, na husikia kila kitu. Basi kanisani kwao kuna zamu ya kuwalisha wamishonari, na Mama Njeri akachukua Jumatano bila kumuuliza mtu.

Hao vijana umewaona, wawili wawili, shati jeupe, tai, beji ya jina kifuani, wakikanyaga matope ya Barabara ya Othaya. Wetu mmoja ametoka Idaho, Marekani. Ni mrefu ajabu, na Chifu alimbatiza Mlingoti siku ile ile. Mwenzake ametoka Kongo, kwa hiyo akawa Lubumbashi. Yeye ugali anauita bukari, na Kasuku naye sasa anataka bukari shuleni.

Wana miaka kumi na tisa! Nilipokuwa na umri huo mama yangu alikuwa bado ananikumbusha kubeba sweta. Hawa wanaondoka kwao miaka miwili mizima, gharama wanachangia wao na wazazi wao, alfajiri wameamka wanasoma maandiko, mchana kutwa wako barabarani, na hawaachani hata wakienda dukani. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua, kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Kabla ya 2019 ilikuwa simu ya Krismasi na ya Siku ya Mama tu. Mimi ni mzazi. Hilo lilinikaa moyoni.

Chifu kilichomkaa moyoni ni chai. Hawanywi chai wala kahawa, ni amri ya dini yao. Alipowaletea birika la kwanza wakakataa kwa adabu, alimvuta Mama Njeri jikoni akanong'ona kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Hawa watoto wanaumwa nini?" Wamishonari anaowajua yeye ni Waskoti waliopiga kambi Thogoto mwaka 1898, na katika akili yake mmishonari ni mzee mwenye ndevu. Walijaribiwa kwa maji moto, wakajaribiwa kwa maziwa, mwishowe uji wa wimbi ukaleta amani.

Sasa hiyo Jumatano yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, nami nimekwama kwenye jam ya State House Road, magari yamezima injini kabisa. Njeri akanipigia: "Baba, wageni wako mlangoni na hawataki kuingia."

Nikajua. Sheria yao ni kwamba hawaingii nyumba yenye wanawake peke yao. Lazima awepo mwanamume mwingine mtu mzima. Kwa kawaida tunaye shemeji yangu, Mheshimiwa, ambaye hajabanduka kwenye kochi letu tangu alipoacha kazi. Siku hiyo moja ndiyo aliyoamua kwenda Gikomba kutafuta viatu.

Nyuma ya Njeri namsikia Chifu akifoka: watoto wa watu wasimame nje kama wadai, na chapati zinapoa? Kwa maelezo ya Kasuku, aliwatolea stuli kwenye korido. Stima ikapotea. Lifti ikasimama. Mama wa orofa ya tano akapanda na tochi kuuliza ni msiba gani. Hapo Chifu akachungulia barazani, akaona mwanamume mtu mzima pale chini, akamwita apande.

Huyo alikuwa soja wa geti.

Nilipofika, geti limefungwa, kibanda kitupu. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Juu kabisa gizani ikaja sauti ya Kasuku: "Baba! Soja amekalia kiti chako! Anakula chapati zako!" Aliyeshuka na funguo ni Mlingoti, ngazi zote sita kwa mbio, na Lubumbashi nyuma yake kwa sababu hawaachani, wote wawili wakaloa chapachapa wakinifungulia huku wakiniomba msamaha. Nitawaomba nini watu kama hao?

Chapati zilikuwa zimebaki vipande. Tulikula kwa mshumaa, soja akiwa bado kitini kwangu kwa amri ya Chifu, nami nikawasimulia vijana habari za Krapf, aliyeshuka Mombasa mwaka 1844 na miezi michache baadaye akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, akabaki akaendelea na kazi. Mlingoti aliacha kutafuna. Akasema mama yake angependa kuona picha ya chakula hiki. Chifu, ambaye Kiingereza huelewa anapotaka, akasikia neno mama.

Jumatatu jioni, Idaho kukiwa asubuhi, vijana walikuwa kwetu nami nikiwa ndani, kama sheria inavyotaka. Chifu aliomba simu. Akamwambia yule mama kwa Kikuyu, Njeri akitafsiri, kwamba mtoto amekonda lakini ana heshima, kwamba uji anaumaliza, kwamba akikohoa atajulishwa kabla ya daktari. Yule mama akawa analia na kucheka. Kisha Chifu akanigeukia bila kuondoa simu sikioni: kuanzia wiki hii, Jumatano natoka kazini saa tisa, na soja nimtengee chapati zake.

Nimeshaongea na bosi.