Ukihamia Unguja, Nyumba Ije Baadaye

Ukishuka bandarini Malindi na mabegi yako, barua ya uhamisho mfukoni na ala yako ya udi mgongoni, madalali watakuona kabla hujawaona. Wasalimie vizuri, pokea namba zao, kisha usiende kuangalia chumba hata kimoja. Fikia kwa ndugu, fikia gesti ya bei ya chini, jibanze kwa mfanyakazi mwenzako siku chache. Kinachotafutwa kwanza ni klabu ya taarabu.

Dalali anajua vyumba vilivyo wazi leo, na ujira wake mara nyingi ni kodi ya mwezi mzima, juu ya ile ya miezi sita anayoitaka mwenye nyumba mkononi. Klabu inajua vyumba vitakavyokuwa wazi mwezi ujao. Mpiga fidla ni mwalimu wa sekondari, wa dumbaki ni fundi cherahani, waimbaji wana mashoga kila mtaa tangu Kikwajuni mpaka Fuoni. Kati yao hakosekani mwenye shangazi aliyebaki peke yake na vyumba vitano, anayetaka mpangaji mwenye adabu kuliko mwenye fedha. Chumba cha namna hiyo hakifiki kwa dalali.

Pa kwenda papo. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na ndiyo mama wa klabu zote za mjini. Culture Musical Club, ya 1958, ina nyumba yake Vuga. Kama bado unajifunza kushika ala, kuna chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa 2002, ambako utasoma udi na kanuni, ile ala ya nyuzi zaidi ya 70, kwa utaratibu. Na kama damu yako inachemka haraka, fuata vikundi vya kidumbaki kwenye harusi za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Huko sanduku la chai lililotiwa fito na uzi mmoja ndilo besi, na hakuna anayekaa kitini.

Nenda jioni, wakati wa mazoezi. Piga hodi, toa shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, kaa nyuma. Mfuko wa udi usiufungue. Atakuja mzee mmoja.

"Unapiga nini, mwanangu?"

"Najifunza udi, Maalim."

Jibu hivyo hata kama una shahada ya muziki, maana utakuwa umesema kweli. Aliyezoea gitaa la bara atakuta makamu, yaani ngazi za muziki, za rasti na bayati zina sauti zinazokaa katikati ya vituo vya gitaa lake, na kidole kitazitafuta kwa miezi. Mkao mzuri wa mgeni ni karibu na besi ile kubwa ya kusimama, kwa sababu hapo mwendo wa wimbo unausikia tumboni kabla ya sikioni. Jifunze bashrafu moja, ule muziki wa ala bila kuimba, mpaka uijue ukiwa usingizini. Beba viti. Kunja nyaya za vipaza sauti. Na usiku wa onyesho, mashabiki wakipanda kutunza, uwe umeshauliza tuzo zinaingia kapu gani.

Ukishajulikana, ndipo nyumba. Nenda kuiangalia na ala yako, wala usione haya. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zimesimama wima na kujikunja. Mwenye kanuni apande nayo mpaka juu kabla ya kuzungumza bei. Ukifika chumbani, weka kiganja ukutani, chini, karibu na sakafu. Kuta za mawe na chokaa hunywa chumvi na maji, na chokaa ikibaki mkononi kama unga, ujue unyevu umo ndani na gundi ya udi wako itaachia. Omba chumba cha juu, utundike ala kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha la baharini. Kisha piga uzi mmoja na usikilize. Kuta nene huuficha mlio kwa jirani. Paa la bati la Ng'ambo huutangaza, ila wakati wa mvua wewe mwenyewe hujisikii.

Fuoni na Mwanakwerekwe kodi ni nafuu, nami nawaelewa wanaokimbilia huko. Lakini mazoezi yakichelewa, daladala zimekwisha, na ulichookoa kwenye kodi kitakwenda kwa bodaboda. Kaa unapoweza kurudi kwa miguu, na udi begani.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako, usimkwepe. Mpelekee barua ya utambulisho ya ulikotoka, na umwambie wewe ni mpigaji. Yeye ndiye atakayeulizwa siku mtu akishangaa kelele, na sheha anayejua jambo kabla ya wengine hulitetea. Saa zako za kujinoa zipishe adhana. Ramadhani ala zipumzike. Watu wa klabu watakuita futari, na kwenye futari ndipo utakapojua wenzako ni nani hasa. Idd ikiandama, jiandae kwa usiku mrefu.

Ukiona ni mapema mno kujiita wa hapa, mfikirie Siti binti Saad. Alitoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi, akaingia mjini mwaka 1911 bila jina wala mali. Aliyemshika mkono alikuwa Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha taarabu, akamfundisha muziki na kumjulisha kwa wapigaji wenzake. Kufika 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili. Mji ulimpokea kupitia kwa watu waliokaa naye kwenye mkeka mmoja usiku baada ya usiku, na mpaka leo naamini hakuna mlango mwingine unaofunguka upesi hivyo.

Siku ya kuhamia, klabu itakuja kukubebea kitanda. Wapikie. Jirani wa ukutani mpelekee sahani ya visheti na tiketi ya onyesho la Idd kabla hujapiga hata sauti moja, na umuulize ni wimbo gani alipigiwa kwenye harusi yake, maana huo ndio wa kuanza kujifunza.