Kishikwambi Kichwa Chini

Kama wewe ni mume mwenzangu na kuna jambo hata moja unalifanya nyumbani kwako bila kuulizwa, tafadhali usinisimulie, utaniumiza roho. Mimi hapa Iringo, Musoma, sijawahi. Hata siku niliyonunua mswaki wa rangi tofauti, suala lilijadiliwa wakati wa ugali na hoja ikaahirishwa. Mwenye kuahirisha ni mke wangu, ambaye namwita Spika, kwa sababu chini ya bati lile hakuna anayesema kabla hajapewa nafasi, na mimi hupewa mwisho, watu wakishaanza kunawa.

Ndiyo maana kishikwambi nilikinunua kimyakimya.

Ujue kwanza kazi yangu. Naandika hesabu za wenye mitumbwi ya dagaa: nani kachukua mafuta, nani kakopa taa, nani ameahidi kulipa giza likirudi. Maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanalala, na mvuvi aliyelala halipi deni wala hapokei simu. Miaka yote nimeandika kwenye kaunta buku, nikaridhika kabisa, mpaka wivu ukaniingia.

Wivu wenyewe ulitoka kitandani kwangu. Spika ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengine alipata kile kishikwambi cha serikali, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 23, 2022 kisha vikagawiwa mashuleni. Fikiria: Watanzania 61,741,120 walihesabiwa kwa ncha za vidole, makarani wamesimama chini ya miembe wanagusa tu. Usiku Spika analala ubavu, kidole kimoja kinatembea, maandalio ya somo yanakwisha. Mimi niko kwenye kigoda na rula na kalamu nyekundu, najumlisha madumu ya mafuta. Moyoni nikasema, na mimi nina vidole.

Lakini mwanaume hawezi kununua kitu sawasawa na cha mke wake, lazima kizidi kidogo. Nikapata cha mtumba kilicho kompyuta kamili, yenye mfumo wa mezani, na kibodi inayonasa kwa sumaku. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hii ni mbili kwa moja." Hakuniambia kwamba nyumba yenye watoto, kitu cha mbili kwa moja huharibika mara mbili.

Mara ya kwanza ilimchukua Katapila siku nne. Katapila ni kijana wangu wa miaka tisa, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Wewe uliyefika Musoma unayajua mawe yetu yale makubwa ya ziwani. Watoto wa mtaani kwetu wana jiwe lao la kuteleza, limekuwa laini kama upara wa mzee, na kila mtoto hupanda na chombo chake: kipande cha ndoo, mfuniko wa dumu, sinia la mama yake. Katapila akaona kibodi yangu ni nyembamba, bapa, na kwa chini ina kitambaa kama zulia. Nilipomkamata jioni hakukana. Alinipa taarifa ya kitaalamu: "Baba, inateleza kuliko sinia." Vitufe kumi na saba vilibaki ziwani.

Basi nikabaki na kompyuta ya mezani isiyo na meza, isiyo na kibodi, isiyo na kipanya.

Ngoja nikueleze shida iko wapi, kwa sababu binti yangu mkubwa, tunayemwita Wakili, alinieleza mimi kwa sauti ile wanayotumia watoto wa kidato cha tatu wakiongea na wazee wao. Mfumo wa mezani umezaliwa na kipanya. Ncha ya mshale wake inagusa nukta moja ya skrini. Kidole changu kinafunika nukta chungu nzima, na hapo sijanenepa. Yale masanduku ya kufungia dirisha, mistari ya kuvuta pembeni, orodha zilizobanana kama dagaa kwenye chanja, vyote vimekatwa kwa kipimo cha mshale. Kishikwambi cha Spika kimezaliwa na kidole, kwa hiyo kila kitu ndani yake ni kinene.

Na wakubwa wa dunia wamelihangaikia jambo hili kabla yangu, jambo linalonifariji sana. Microsoft walitoa Windows 8 tarehe 26 Oktoba 2012, wakaujaza uso wa kompyuta vigae vikubwa vya kugusa, wakakiondoa kile kitufe cha Start cha pembeni kilichokuwapo tangu 1995. Wenye vipanya wakapiga kelele dunia nzima. Mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa, na 2015, kwenye Windows 10, na menyu yake ikarejea kamili. Windows 11 ilipokuja 2021 ikaachana hata na ile hali maalumu ya kishikwambi iliyokuwa kwenye ya 10. Ukimpendelea mwenye kidole, mwenye kipanya ananuna. Ukimrudia mwenye kipanya, mwenye kidole ananuna. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mke na mama mkwe kwenye jiko moja angeweza kuwaambia hayo bure.

Nikaachia hapo? Sikuachia. Tulipofika Oktoba 2025, Windows 10, ndiyo iliyokuwamo kwenye changu, ikawa imefika mwisho wa kuhudumiwa, na hiyo mpya inataka kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Changu kina 2 na 32. Ni kama kupeleka mtumbwi wa kasia kwenye mashindano ya injini. Kosa ni langu niliyenunua mtumba kwa kuangalia sumaku. Na hapo ndipo Injinia alipoingia.

Injinia ni shemeji yangu, mdogo wake Spika. Hajasomea uinjinia. Alipewa cheo siku alipotengeneza redio ya marehemu baba mkwe ikawa inaongea kila pasi ikiwashwa. Alikuja na flashi mdomoni kama msumari wa fundi seremala, akasema, "Shemeji, tunaweka mfumo wa Linux. Ni bure, nyepesi, haina maneno." Sifa mbili za kwanza zilikuwa kweli. Kishikwambi kina tundu moja tu, la kuchaji na kuchomekea flashi humohumo, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kwenda na saa: ama kinakula, ama kinafanya kazi. Alimaliza saa nne usiku. Kikawaka. Kilikuwa kizuri, sitamnyima haki yake. Aikoni kubwa, ukitelezesha vidole vitatu madirisha yanapishana kama daladala za stendi. Isipokuwa kila kitu kilikuwa kichwa chini.

Ukikigeuza, nacho kinageuka. Ukikilaza, kinasimama. Wakili akasoma mahali akatueleza: ndani kuna kihisi kidogo kinachojua upande gani ni chini, na kila kiwanda hukibandika kivyake. Linux huweka orodha ya miundo ya vishikwambi na jinsi kihisi kilivyokaa. Chetu hakimo kwenye orodha, kwa hiyo mfumo unakisia. Injinia alisema ni amri ya mistari miwili tu kuirekebisha. Kuandika mistari miwili kunahitaji kibodi. Ile ya kwenye skrini ikajitokeza, imepinduka, ikafunika palepale panapotakiwa kuandikwa. Injinia akakumbuka ghafla ana mgonjwa kule Nyasho.

Wa kwanza kukizoea alikuwa Mkaguzi.

Mkaguzi ni mama mkwe, na nakuomba jina hilo libaki kati yangu na wewe. Alitoka Bunda kuja kutuona kwa wiki moja. Hii ni wiki ya kumi na nne. Mkwe kwetu ni mtu wa heshima na umbali, sasa umbali wa nyumba ya vyumba vitatu wewe mwenyewe unaujua. Huwa namwamkia nikiwa nimeangalia pazia. Siku hiyo nilikuta kishikwambi amekipakata. Anagusa, hakisikii. Anagusa tena kwa nguvu, kama anakagua parachichi. Hakisikii. Skrini hizi huhisi umeme mdogo ulio kwenye ngozi yenye unyevu, na kidole cha Mkaguzi kimeshika jembe la mihogo kwa miaka hamsini, ngozi yake ni kavu na ngumu kama gome. Nikaona nimepona.

Akapeleka kidole kwenye ulimi. Vilevile anavyofanya akifunua Biblia yake: analamba ncha, anaiweka taratibu, anasukuma. Dirisha likafunguka. Akalamba tena, likafungwa. Kuhusu kichwa chini hakuwa na tatizo lolote, kwa sababu yeye hakuwahi kukiona kikiwa sawa.

"Mkwe," akaniita, mimi nikiangalia pazia, "hiki kinataka kubembelezwa. Ninyi mnakipiga."

Mimi sikuwa na muda wa kubembeleza, nilikuwa na madeni ya giza zima ya kuingiza. Programu ya majedwali ilikuja na Linux, ukoo mmoja na ile Jambo OpenOffice iliyotolewa 2004 kwa Kiswahili, kazi ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki, na nakuambia nilijisikia Mtanzania haswa nilipoifungua. Ila visanduku vyake ni vidogo mno. Nagusa cha mafuta, kinafunguka cha taa. Na siku ile nilikuwa nakula dagaa wa kukaanga huku nafanya kazi, mkono wa kulia ugali, wa kushoto hesabu. Mafuta yakashika skrini, kidole kikateleza, safu nzima ya majina ikashuka hatua moja. Madeni yakabaki palepale.

Sikuona. Nikanakili kila mmoja na deni lake, nikawapelekea.

Asubuhi nikaamka na wanaume saba uani. Mzee mmoja asiyekopa hata kiberiti alikuwa anadaiwa injini. Kijana anayedaiwa injini alikuwa anadaiwa kiberiti, na huyo ndiye peke yake aliyekuja akitabasamu, noti mkononi, anataka kulipa haraka mambo yaishe. "Karani," akasema yule mzee, "umeanza lini kunywa?" Spika akatoka, akaona kikao kimeanza bila yeye, akarudi ndani kuvaa kitenge kingine. Hiyo ni dalili mbaya.

Aliyeniokoa ni Mkaguzi. Kumbe wiki zote kumi na nne alikuwa ananisikia nikijumlisha kwa sauti usiku. Alikaa kwenye kigoda changu, macho kayafumba, akaanza: fulani madumu matatu, fulani taa mbili na betri, fulani alilipa nusu siku ya mvua. Kijana wa kiberiti akaanza kurudi nyuma kuelekea getini. "Na wewe wa injini," Mkaguzi akasema bila kufumbua macho, "usiende, chai inakuja."

Baada ya hapo Spika akaitisha kikao. Nikajitetea kwamba mfumo si mbaya, ukiwa na kipanya cha elfu kumi tu unakuwa kompyuta safi. Mkaguzi akauliza ni kitu gani hicho. Nikasema kipanya, Mama. Akasema kwenye stoo ya dagaa wapo wa bure, na Katapila akanyanyuka kwenda kuleta. Tulipoteza nusu saa nzima kumzuia. Nilipoeleza kwamba kipanya chenyewe kinachomekwa kwenye tundu lilelile la kuchaji, kwa hiyo kikifanya kazi kishikwambi kinakufa njaa, sikuhitaji kusikia uamuzi.

Wakili alipata mahali pa kufungia kule kugeuka-geuka, kitufe kimoja tu kwenye kona, kilikuwepo siku zote. Kikafungwa kichwa chini kwa sababu Mkaguzi ndivyo alivyozoea. Anacheza karata. Ule mchezo wa kupanga nyekundu juu ya nyeusi, karata kubwa kama vigae, unaziburuta kwa kidole na hazikosei. Analamba, anaburuta, analamba, anaburuta. Injinia amerudi, mgonjwa wake wa Nyasho kapona, na amekaa pembeni anamwelekeza mama yake ambaye hamsikilizi.

Haya yote nayaandika kwenye kaunta buku, kurasa za nyuma ya madeni. Umeme umekatika tangu saa moja. Mwanga ninaotumia ni wa kishikwambi, na kila Mkaguzi anapoegemea upande mwingine inabidi nisogee na kigoda changu.