Nyumba Iko Hapo Tu

Dalali wa nyumba wa Busia hasemi uongo. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kumsema. Akikuambia maji yapo, yapo. Wewe ndiye hukuuliza yapo kwa nani. Akisema nyumba iko hatua chache kutoka barabarani, ni kweli, ila hatua hazikutajwa ni za nani.

Mke wangu alihamishiwa Tororo, Uganda, nami nikabaki na kazi yangu ya kuandaa karatasi za forodha za malori hapa mpakani, upande wa Kenya. Tulitaka vyumba viwili, upande wowote, mradi kila mmoja afike kazini kabla ya mkubwa wake. Kumbe ukisema "upande wowote" mbele ya madalali wa mpakani umetangaza kwamba huna msimamo, na namba yako ya simu itagawanywa kutoka mtaa wa Marachi upande wa Kenya hadi Sofia upande wa Uganda kabla ya jua kuchwa.

Wa kwanza kupiga alikuwa na sauti ya mtu anayetafuna.

"Mkubwa, nyumba ninayo. Elfu tisini."

"Tisini? Kwa mwezi? Kwani ina lifti?"

"Basi themanini, mkubwa, usikasirike."

Jioni ndipo mke wangu, ambaye husikiliza mambo hadi mwisho, alipouliza hizo elfu tisini zilikuwa za nchi gani. Shilingi moja ya Kenya hununua kati ya shilingi 25 na 30 za Uganda, kutegemea siku, na kutegemea mbadilisha pesa amekuonaje. Tisini ya yule bwana haikufika hata elfu nne ya kwetu. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali, nami nilikuwa nimeshapunguziwa bei yake bila kukitaka.

Si kwamba mambo haya hayana sheria. Kenya ina Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, inayomtaka ajenti awe amesajiliwa. Nilimwomba mmoja wao hati yake. Akanitumia kwa WhatsApp picha ya leseni ya kuendesha pikipiki. Sikushangaa sana. Huu ndio mji ulioipa dunia bodaboda, tangu vijana wa baiskeli walipoanza kuwavusha watu kutoka boda hadi boda miaka ya 1960, na hadi leo anayekupeleka kwenye nyumba na anayekuonyesha nyumba huwa mtu yule yule. Nauli ndizo huwa mbili.

Kilichonichosha hasa ni maelekezo.

"Fuata barabara ya forodhani," akaniambia huyo mwenye leseni, "utaona trela ya bluu, nyuma imeandikwa Mungu Yupo. Ingia hapo kushoto."

Nani angetia shaka? Malori ya Busia yakipanga foleni huwa yamehamia. Madereva hufua shati wakalianika kwenye kioo cha pembeni, na ugali husongwa chini ya trela. Marais wa nchi zote mbili walikuja Februari 2018 kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani ili magari yapite upesi, na siku nyingi bado unapata muda wa kumzoea dereva mpaka ukajua majina ya watoto wake. Lakini asubuhi hiyo trela ya bluu ilikuwa imeondoka. Karatasi zake nilizikamilisha mimi mwenyewe jana yake.

"Umefika kwenye trela?"

"Trela imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Kampala."

Kimya. Nilimsikia akifikiri.

"Basi mkubwa, angalia ile nyeupe iliyokuwa nyuma yake."

Hapo kredi ikaisha. Kuna sehemu za mji huu ambapo simu huvuka mpaka yenyewe bila pasipoti, ikanasa mtandao wa ng'ambo, na kredi ya mia ikaishia kwenye salamu.

Tororo walinizidi kwa adabu. Dalali wa kule alimwita mke wangu "nyabo", akatuahidi nyumba yenye mandhari ya Mwamba wa Tororo, akasema yuko mlangoni anatungoja. Nyuma yake makondakta walikuwa wakiita "Mbale, Mbale, mmoja!" Alikuwa stendi.

Sasa, ule mwamba una kimo cha karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na unaonekana kutoka kila kona ya mji, kwa hiyo kumwambia mtu nyumba iko karibu na mwamba ni kumwambia iko Tororo. Hii yetu ilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Nikauliza mwamba uko wapi. Dalali akanifungulia bafu. Halikuwa na paa. Ukisimama mle na sabuni yako unauona mwamba wote, na waliopanda juu yake, naamini, wanakuona.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 inamkataza mwenye nyumba kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kodi ya nyumba hiyo ilipanda kati ya simu ya asubuhi na ya mchana, lakini nilikuwa bado si mpangaji, kwa hiyo hakuna aliyevunja kitu.

Vyumba viwili bado tunavitafuta. Kama unavyo, au unamjua anayevijua, nipigie. Anza na nchi, kisha useme ni shilingi za wapi. Salamu tutapeana tukionana. Na tafadhali, nielekeze kwa kitu kisicho na magurudumu.