Redio Zilizonuniana

Viganja bado vinaniwasha. Bati la Tanga saa saba mchana halijui mkwe wala mpita njia, linaunguza wote sawa. Lakini siyo viganja vinavyoniuma. Kinachoniuma ni sauti ya mama mkwe kutoka chini ya mwembe, jana, nikiwa nimeshakaa saa tano juu ya paa lake na spana mdomoni: “Mkwe wangu, shuka tu ule. Tamthilia nitakwenda kuangalia kwa jirani.”

Kwa jirani! Ukweni kuna maneno mtu akiambiwa anahama mtaa. Na jirani mwenyewe alikuwepo, amejaa tele ukutani na watoto wake wanne, wananitazama tangu asubuhi kama mechi. Nikigeuza antena kushoto wanaguna, nikiigeuza kulia wanaguna zaidi.

Kwangu kuna faiba. Kwa mama mkwe, mita mia nane kutoka kwangu, hakuna, na haijulikani itafika lini. Miaka miwili iliyopita nilifunga redio moja juu ya paa langu na nyingine juu ya paa lake, zikatazamana juu ya minazi, intaneti ikapita. Nilisifiwa mpaka msibani. Kisha radi ya masika ikapiga upande wake, redio ikaungua, adapta yake ikayeyuka. Nikaenda kwa muuza vifaa vya mitumba, nikakuta redio ya kampuni nyingine, nzima, nusu ya bei. Nikasoma boksi: GHz 5, 802.11n. Nikaikumbuka ya nyumbani: GHz 5, 802.11. Nikajiambia hawa ni ndugu, nikalipa.

Saa ya kwanza ya aibu haikuhusu hata mawimbi. Redio haikuwaka. Nilikuwa nimeazima swichi ya kazini, ile inayotoa umeme kupitia waya wa mtandao, nikachomeka upande huu, nikachomeka upande ule, kimya. Nikachomoa, nikapuliza matundu (dawa ya Waswahili kwa kila kifaa), nikachomeka tena. Kimya.

Hapa naomba nieleze, maana jambo lenyewe ni zuri kuliko hali niliyokuwamo. Redio ya juu ya paa haina waya wake wa umeme, inalishwa na waya uleule unaobeba intaneti. Mwaka 2003 wahandisi wa IEEE walikubaliana umeme huo upitishwe namna gani, na walichokubaliana, wangekuwa watu wa pwani, wangekiita hodi. Swichi haimwagi umeme ovyo. Kwanza inapitisha kidogo tu, usiozidi volti 10, inasikiliza. Kifaa kilicholelewa vizuri kina kizuizi cha ohmu 25,000 mlangoni, na hicho ndicho kinachojibu “karibu”. Swichi ikikipima ikakikuta, ndipo inaingia na volti zake 48. Isipokikuta inajua hapo hapana mwenyeji, pengine ni kompyuta isiyohitaji kulishwa, basi inarudi zake bila kuvunja kitu. Kizuizi hicho ni cha bei ya pipi. Adabu yote hiyo imewekwa ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Redio yangu ya mitumba haijui hodi. Yenyewe inataka volti 24, zimwagwe moja kwa moja kutoka kwenye adapta yake maalumu, kama jamaa anayeingia mpaka jikoni na kufunua sufuria. Swichi ikawa inabisha, redio imenyamaza, vyote viwili vizima, na mimi katikati nalaumu waya. Ilibidi bodaboda aende mjini kuniletea adapta ya shilingi 15,000. Ile nusu ya bei niliyookoa ikaanza kuchuruzika.

Adapta ilipofika, taa ikawaka kijani na ukutani wakapiga makofi. Nikafungua laptop juu ya bati, nikaiamuru redio itafute. Ikaliona jina la Wi-Fi ya kwangu. Siyo kuliona kwa mbali: desibeli hasi 58, ambayo kwa anayejua ni kama watu waliokaa mkeka mmoja. Nikabonyeza kuunganisha, ikafikiri, ikakataa.

Niliandika paswedi mara kumi na moja. Nikaiandika kwa herufi kubwa, nikaiandika polepole kwa sauti, mpaka mtoto mdogo kuliko wote pale ukutani akaikariri na kuanza kuiimba. Nikabadilisha chaneli. Nikampigia mke wangu nyumbani azime ya kule na kuiwasha. Akazima, akawasha, akaniuliza kama mama yake ameshakula. Nikageuza antena nyuzi mbili, nikairudisha. Muda wote huo jina langu linaonekana pale kwenye kioo, karibu kabisa, kama mtu anayekutazama usoni na haitikii salamu.

Aliyenimaliza ni kijana wa pale kona anayeuza vocha na kufungua simu. Alipita na mkate wake, akanyanyua macho.

“Shikamoo, anko. Ya kwako nyumbani ni ya kampuni gani?”

Nikamtajia. Akacheka kicheko cha adabu, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

“Hiyo haiwezi kuipokea hii, anko. Ile ina lugha yake. Ingia kwenye menyu uone kama tiki kwenye kisanduku cha lugha hiyo inatoka.”

Nikaingia kwa mbali kwenye menyu ya redio ya kwangu, kupitia laini ya simu. Kisanduku kipo, kina tiki, kimepauka rangi ya kijivu. Hakibonyezeki. Redio niliyoinunua kwa jina la Wi-Fi ilikuwa imeacha kusema Wi-Fi siku ilipozaliwa.

Jana usiku sikulala, na siyo kwa hasira peke yake. Nilitaka kujua lugha hiyo inasema nini, na nikajikuta navutiwa nayo, jambo lililonikasirisha zaidi.

Wi-Fi ya kawaida ni baraza lisilo na mwenyekiti. Mwenye neno anasikiliza kwanza, akikuta kimya anasubiri kitambo kidogo cha kubahatisha, ndipo anasema. Asipopata jibu la “nimesikia”, anarudia. Bibi wa ustaarabu huu alizaliwa visiwani Hawaii mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake walipounganisha visiwa kwa redio na kuuita mtandao wao ALOHA. Wao hata kusikiliza hawakusikiliza: mwenye neno analirusha, yakigongana kila mmoja anangoja muda wake wa kubahatisha na kurusha tena. Ukipiga hesabu, baraza la namna hiyo likifanya vizuri kabisa linafaidi asilimia 18 tu ya muda wake, unaobaki ni ukimya na kugongana. Nimehudhuria vikao vya harusi vilivyo chini ya hapo. Mwaka uliofuata Lawrence Roberts akaonyesha kwamba kengele peke yake inatosha kuongeza faida mara mbili: sema unachotaka, ila anza kengele inapolia tu. Ikafika karibu asilimia 37, na bado hapakuwa na mwenyekiti.

Wi-Fi ilipopata kiwango chake mwaka 1997 iliongeza kusikiliza, na ndani ya nyumba inatosha. Ukiipandisha juu ya paa, masikio yanaisha. Antena zangu zinatazama mbele tu, kama farasi wa gari aliyefungwa ngao za macho. Tuseme shemeji naye angefunga yake upande wa pili wa mtaa: ya mama mkwe inaisikia yangu, ya shemeji inaisikia yangu, lakini zenyewe mbili hazisikiani. Kila moja inasikiliza, inakuta kimya, inaanza kusema, na maneno yanakuja kugongana kwangu, kama wateja wawili wanaomwita muuza samaki kutoka pande mbili za kilima, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Halafu kuna umbali. Mawimbi yanakata mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa mita zangu mia nane siyo tatizo. Kwa kilomita 10, kwenda tu ni sehemu 33 hivi, na Wi-Fi ya GHz 5 inahesabu vitambo vyake kwa sehemu 9. Jibu linafika wakati aliyeuliza ameshakata tamaa na kuuliza upya.

Kampuni zinazotengeneza redio za mapaani zikafanya ambalo mzee yeyote angelifanya: zikateua mwenyekiti. Redio ya kituo inagawa zamu, wewe utasema kuanzia hapa mpaka hapa, fulani baada yako, na asiyeitwa anyamaze. Hakuna kugongana wala kungoja kwa kubahatisha. Inafanya kazi vizuri sana. Nakiri, na kukiri kwenyewe kunaniunguza kuliko bati.

Ila kugawa zamu siyo uvumbuzi wa siri wa mtu. Simu za GSM zimefanya hivyo tangu zilipoanza kutumika mwaka 1991: kila chaneli imekatwa zamu nane, na simu yako inasubiri ya kwake. Kitochi cha mama mkwe, chenye mpira kwenye betri, kimebadilishwa laini za kila kampuni na kila mnara umekipokea. Alipokwenda Mombasa kwenye arusi ya mpwawe, alipovuka Horohoro kikaingia mnara wa Kenya kabla yeye hajagongewa muhuri. Kilipokewa kwa sababu utaratibu wa zamu umeandikwa, umewekwa hadharani, na kila mtengenezaji anausoma uleule. Redio yangu ina utaratibu wa aina hiyohiyo, ila wa kwake umefungiwa kabatini.

Hapo ucheshi ulinitoka. Aliyebuni lile tiki la kijivu alimfikiria mteja anayenunua vifaa vyote siku moja, risiti moja, kisha vikifa anavitupa vyote na kununua vingine vyote. Mtaani kwetu nani ananunua hivyo? Msingi tunamwaga mwaka huu, kuta tunapandisha pesa zikirudi, dirisha la chumba cha watoto linakaa na gunia miaka mitatu. Bati la mama mkwe lenyewe ni la viwanda viwili tofauti, rangi hazilingani, upande mmoja una mawimbi mapana na mwingine membamba, na msumari mmoja umeyapigilia yote. Nilikaa saa tano juu ya misumari ile. Hakuna hata mmoja uliouliza bati linatoka kwa nani. Radi ikiua kimoja katika viwili, mtu anatafuta kimoja. Anayefunga lugha ya kifaa anajua hivyo, na bei ya kile kimoja ameiandika yeye, maana hakuna mwingine wa kuuza.

Huwa wanafungua, wakati mwingine. Cisco walikuwa na EIGRP, itifaki ya kuelekeza njia za mtandao, wakakaa nayo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 wakatangaza kuifungua, na 2016 maelezo yake yakachapishwa kama RFC 7868, ambayo ni hati ya taarifa, siyo kiwango. Watu walikuwa wameshazoea OSPF, iliyo wazi tangu mwanzo. Ni mwenye nyumba anayeleta ufunguo wa choo baada ya wapangaji kuchimba cha kwao.

Mengine ya mwaka huu nayataja harakaharaka. Laptop ya shemeji niliichomeka kwenye waya wenye zile volti 24 zisizobisha hodi, na sasa ina tundu moja la mapambo. Swichi ya kazini ilikataa kipande cha faiba kizima kabisa kwa sababu hakikuwa na jina la baba yake. Rauta ya chumbani na ya sebuleni, kampuni moja, boksi linafanana, haziongei, na nimeacha kuuliza.

Jana nilishuka, nikala. Ubwabwa ulikuwa mtamu, nikaumeza bila kunyanyua macho. Redio ya mitumba bado iko juu ya bomba, inawaka kijani, inaliona jina langu. Mama mkwe alirudi kutoka kwa jirani saa tatu usiku, akanihadithia kipande chote nilichomkosesha nyumbani, na hakuruka hata kilio.

Leo asubuhi nimesalimu amri. Nimempigia muuzaji wa mjini, nikamwomba redio ya kampuni ileile ya kwangu, mpya, kwa bei anayotaka yeye. Akasema anazo, akaniuliza toleo gani.

“Kwani yako matoleo?”

“Yako mawili, mzee. Angalia vizuri ya kwako, maana hayaelewani.”

Simu nimeishika bado. Jina la toleo limeandikwa chini ya redio, na redio iko juu ya paa.