Barua ya Wazi kwa Watunga Kitita cha Bima ya Afya

Waheshimiwa,

Kwanza pongezi. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Si lazima tena mgonjwa apande ndege kwenda India. Nanyi mkaona kazi imekwisha, mkaamua kwamba upandikizaji unaanzia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Yanayotangulia mmeuachia ukoo, kwa imani kwamba ukoo hauishiwi nauli.

Pengine mlidhani kujiandaa ni kulala bila kula na kusaini fomu. Kumbe kuna kulinganisha makundi ya damu na tishu, kuchanganya damu ya mgonjwa na chembe za mchangiaji kuona kama zitagombana, kutafuta homa ya ini, VVU na kifua kikuu, kupima moyo, hata kung'oa jino bovu lisije likaleta usaha dawa zitakaposhusha kinga ya mwili. Mchangiaji naye hupigwa picha za CT ili mishipa ya figo zake ionekane, na akikutwa na kisukari hurudishwa nyumbani na ugonjwa mpya pamoja na shukrani za familia. Hapo anaitwa kaka wa pili kutoka Sumbawanga. Kwenye vitabu vyenu kaka huyu, mtu mzima, si tegemezi wa mwanachama, kwa hiyo kadi ya mgonjwa haimjui. Subirini tu figo yake ihamie tumboni mwa mwanachama, mtaifahamu mara moja.

Mtasema vipimo vitasubiri hadi pesa ipatikane. Faili kweli husubiri, tena bila kulalamika. Mgonjwa je? Anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, yaani mizunguko 156 kwa mwaka. Figo zilizokufa hazitoi tena ile homoni inayouamuru mwili utengeneze damu, basi anapungukiwa damu. Asipopata sindano ya kuziba pengo hilo, anaongezewa damu ya watu, na damu hiyo yaweza kuufundisha mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za wengine. Kaka aliyekubalika Januari anaweza kukataliwa Septemba ingawa hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Hata vipimo vyenyewe vinapitwa na wakati, vinarudiwa na kulipiwa upya. Na kadiri mtu anavyokaa miaka mingi kwenye mashine, ndivyo matokeo ya upandikizaji yanavyozidi kuwa mabaya. Sindano ikabaniwa, kipimo kikabaniwa, na mashine ikalipiwa wiki baada ya wiki. Ubanaji matumizi wa namna hii unahitaji kipaji.

Najua jibu lenu: hata baada ya upasuaji gharama haziishi, maana mgonjwa atameza dawa za kushusha kinga, takrolimasi na wenzake, maisha yake yote. Ni kweli, na dawa hizo si za bei ya panadol. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mashine nayo ingefika siku ikaacha kudai. Mgonjwa wa mashine hahitimu. Anayemeza dawa anazo saa zake 12 kila wiki za kufanya kazi na kuwachangia hao hao mnaosema mfuko wao hautoshi.

Jibu la pili lina uzito zaidi: mkimlipa mchangiaji, mtafungua soko la figo. Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kwa tuhuma za aina hiyo. Ila Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010, linakataza kununua figo na hapo hapo linaruhusu kumrudishia mchangiaji gharama halali zenye ushahidi, pamoja na kipato alichopoteza. Soko la figo linamngoja mtu aliyechoka kusubiri, na nyinyi ndio mnaomchosha. Tena kuvitofautisha viwili hivi si kazi ngumu kwa mhasibu: tiketi ya basi ya Sumbawanga ina tarehe, nauli na jina la abiria, na dalali wa figo hatoi risiti.

Kama kikwazo ni fomu, basi nauli, malazi na vipimo vya mchangiaji vinaenea kwenye ukurasa mmoja, na nafasi ya muhuri inabaki.

Wenu,
Mlipa michango