Sharti la C++17

Si kwamba napinga viwango. Sisi watu wa Mvita viwango tunavijua zamani: Juni 1928 wakubwa walikutana papa hapa Mombasa wakaamua Kiswahili Sanifu kisimame juu ya Kiunguja. Kimvita, mwenye nyumba, kikaachwa barazani. Hadi leo jirani yangu akimwita mjukuu wake "ndoo!", yaani njoo, mtoto anakuja mbio, lakini akiliandika shuleni anapigiwa mstari mwekundu. Sawa. Angalau mwalimu anaonyesha kosa liko wapi.

Sasa nisikilizeni. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu 16.04 yenye kompaila ya GCC 5.4. Ni mzee, lakini anafanya kazi. Nimekaa zangu Tononoka, joto la Kaskazi, feni inasukuma hewa moto, nikashusha maktaba ya programu ili niikompaili. Bando likaliwa, kompyuta ikachemka, faili moja baada ya nyingine, mpaka chai ikapoa. Karibu na mwisho, skrini ikafurika: kompaila inalalamika ilitarajia mabano kabla ya neno constexpr. Ikarudia. Ikarudia tena, ukurasa mzima. Nikadhani nimeharibu kitu! Kumbe mwandishi ametumia "if constexpr", kitu kilichoingia katika C++17, na GCC imekijua tangu toleo la 7 tu.

Wallahi, si angesema mlangoni? Mstari mmoja tu wa #error kwenye faili ya kichwa, "hii yataka C++17", ningeondoka kwa heshima kabla chai haijapoa.

Na wapo wanaodhani wameshasema. Wanaandika CMAKE_CXX_STANDARD 17 kwenye CMake, basi, wamelala. Hilo peke yake ni ombi, bwana, si amri: kompaila isipokiweza kiwango hicho, CMake inashuka kimyakimya hadi cha chini yake. Hata kuiuliza kompaila umri wake kwa __cplusplus kuna mitego. Kompaila ya Visual Studio, usipoipa swichi ya /Zc:__cplusplus, itakwambia ni ya 199711L, yaani C++98, hata ikiwa inakompaili C++20. Mzee wangu wa 5.4 hadanganyi hivyo.

Basi ndugu waandishi wa maktaba, ongezeni CMAKE_CXX_STANDARD_REQUIRED ON, ombi liwe amri, na sharti la C++17 liandikeni mstari wa kwanza wa maelezo, kabla mtu hajashusha chochote. Bando la Mombasa halirudishwi.